Sifa za Mvivu wa Mteremkoni

Miongoni mwa waendesha baiskeli hakuna anayedharauliwa kama yule anayefika juu ya kilima, akashusha pumzi, kisha akaacha kunyonga. Miguu imetulia, pedeli zimelala sambamba na ardhi, friwili inalia tiki-tiki-tiki, na bwana mkubwa anaserereka kana kwamba barabara ni ya baba yake. Wenzake wanampita, magoti yakipanda na kushuka kama sindano ya cherehani, na wakishampita humwita mvivu.

Mvivu ni kweli. Ila uvivu wake una heshima zake, na umechelewa mno kusifiwa.

Kwanza, watu wenye akili waliumiza vichwa ili yeye apumzike. Baiskeli za zamani zenye gurudumu kubwa la mbele, zilizotamba Ulaya na Marekani katika miaka ya 1870 na 1880, zilikuwa na pedeli zilizofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, mwenye miguu apende asipende. Mteremkoni zilikwenda kasi ambayo hakuna goti lingeiweza, kwa hiyo waungwana wale walikuwa wakiinua miguu na kuitundika juu ya usukani. Sababu yake haikuwa maringo. Gurudumu likigonga jiwe, mtu aliyetundika miguu mbele aliruka na kutua kwa nyayo. Aliyeiacha chini alitangulia kwa kichwa.

Dawa ya mateso hayo ni friwili. Mmarekani William Van Anden wa Poughkeepsie, jimbo la New York, alipata hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka 1869, lakini ilibidi kungoja hadi karne ya 19 inakwisha ndipo kikaenea. Atakayemwomba fundi wa mtaani aifungue moja ataona ujanja wenyewe: gololi ndogo zilizochafuka kwa grisi, mduara wenye meno ya msumeno kwa ndani, na vijino viwili vilivyoegemea springi nyembamba kama unywele. Ukinyonga mbele, vijino hukwama kwenye meno na gurudumu huvutwa. Ukiacha, vijino hulala na kuruka jino baada ya jino, na hapo ndipo mlio ule unapotoka. Kwa maneno mengine, kila baiskeli ya kawaida imewekewa kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kumruhusu mwenyewe asifanye kazi. Kukataa kukitumia ni kumdharau aliyekibuni.

Pili, mvivu anajua hesabu, hata kama hajui kuwa anaijua. Kasi ikiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huwa mara nne, na nguvu ya kuushinda huwa mara nane. Chukua mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 83, kwenye mteremko wa asilimia 8. Akikaa kimya tu, bila kunyonga, atafika kasi ya takriban kilomita 65 kwa saa. Akinyonga kwa wati 200, nguvu ambayo mtu wa kawaida huitoa akihema, atafika kama kilomita 70. Katika kilomita 10 za mteremko, jasho lote hilo linampa nafuu ya sekunde zisizozidi 40. Mtu huyohuyo akiongeza wati 20 tu juu ya zile 200 wakati wa kupanda mlima uleule, ataokoa zaidi ya dakika tano, na jumla ya nguvu aliyoitumia ya ziada itakuwa ndogo kuliko ile aliyoimwaga mteremkoni. Mlimani ndiko kuliko na soko la nguvu. Mteremkoni inauzwa kwa hasara.

Wapinzani wana shahidi mmoja mzito, tena mzaliwa wa Nairobi. Tarehe 9 Julai 2016, katika mashindano ya Tour de France, Chris Froome alichomoka kileleni mwa Peyresourde, kwenye milima ya Pirenei, akaketi juu ya bomba la fremu, kidevu kikikaribia kugusa usukani, na katika mkao huo wa ajabu akawa bado ananyonga. Alishinda hatua hiyo Luchon kwa tofauti ya sekunde 13, na jezi ya njano akaivaa jioni ileile. Haki yake apewe. Lakini wenye macho watambue kwamba kilichomsaidia hapo ni zaidi mgongo aliouinamisha kuliko miguu aliyoizungusha: mwili uliokunjwa huikata hewa, na kuikata hewa ndiyo kazi yote ya mteremkoni. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, nacho kilipiga marufuku kukalia bomba la fremu kuanzia Aprili 2021, kwa kuhofia usalama. Aliyebaki amekaa kwenye tandiko lake, mikono chini, pedeli sawasawa, hakuguswa na kanuni hiyo.

Kwenye kona mvivu huwa mwalimu kabisa. Baiskeli ikilala kuingia kona ya kulia, pedeli ya kulia ikiwa chini inaweza kugonga lami na kuinyanyua tairi ya nyuma. Kilichobaki ni habari ya ngozi na kokoto. Ndiyo maana hata mabingwa huacha kunyonga hapo, wakashusha mguu wa nje na kuukandamiza kwa uzito wao. Kwa sekunde hizo chache, bingwa na mvivu wanafanana kila kitu isipokuwa mshahara.

Hata hivyo, ikiwa kuna mahali ambapo sifa hizi zinaacha mzaha, ni barabara inayoshuka kutoka Bugarama, Burundi, kwenda Bujumbura. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bujumbura iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800. Vijana hushuka hapo na mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa, shehena ambayo mara nyingine inamzidi uzito aliyeibeba. Mzigo huo ndio injini. Uzito unapoongezeka, mvuto wa mteremko huongezeka sawia, ilhali eneo linalopigwa na upepo haliongezeki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo baiskeli iliyojaa hushuka kasi kuliko tupu. Kumwambia kijana huyo anyonge ni kumtukana. Akili yake yote iko kwenye breki, na breki zikianza kushindwa, kuna wanaokandamiza soli ya kiatu kwenye tairi. Kurudi juu ni hadithi nyingine: wengi hudandia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani, na wapo waliolipa uhai wao kwa mtindo huo. Hapo hakuna cha kusifia.

Kaskazini yake, mjini Goma nchini Kongo, mafundi wamekata mzizi wa fitina. Chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachochongwa Kivu ya Kaskazini, hakina pedeli hata moja. Kwenye tambarare mwenyewe hupiga goti moja juu ya kigodoro cha mpira na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, lakini utamu wake ni kushuka kutoka nyanda za juu za Kibumba na viazi, kabichi au mkaa. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Mji ukakipa chombo hiki sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Ni baiskeli ngapi za mbio, pamoja na gia zake zote, zimewahi kupewa heshima ya namna hiyo?

Sifa nzuri haikwepi ukweli, kwa hiyo aibu za mvivu nazo zitajwe. Kwenye mteremko mdogo, wa asilimia 2 kwa mfano, hesabu humgeuka: mtu yule wa kilo 83 akitulia ataserereka kwa kilomita 30 kwa saa, na mwenzake anayetoa wati 200 atakwenda karibu 44. Anayepumzika hapo anaachwa, tena kwa haki. Halafu kuna baridi. Anayeshuka mlima mrefu asubuhi bila kuzungusha miguu hufika chini na magoti yaliyokaza, na kilima kinachofuata hukilipia kwa maumivu. Waendeshaji wa mbio za Ulaya walizoea kupachika gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka, na wengi huzungusha pedeli polepole bila kusukuma chochote, ili misuli isilale. Huo ni uvivu wa daraja la juu: miguu inazunguka, kazi haipo, na mtazamaji anadanganyika.

Kanuni ya kubeba basi ni fupi. Mteremko ukiwa mkali kiasi kwamba miguu inazunguka bila kukuta kitu cha kusukuma, acha, inama, na ufunge viwiko. Ukiwa wa polepole, nyonga.

Wenye kutaka kujaribu wana barabara ya Lushoto hadi Mombo, takriban kilomita 33 zinazoteremka Usambara kwa kona nyingi, mabasi na malori yakipanda upande wa pili. Kabla ya kuondoka, zikaguliwe nyaya za breki na mipira yake, na friwili itiwe mafuta. Kunyonga kutaanza upya Mombo, kwenye tambarare ya barabara kuu iendayo Moshi.