Klipu ya Donholm

Masikio yangu yangali moto. Jana jioni, penye steji ya Donholm, pikipiki ilinguruma kwa nguvu zake zote na kukataa kwenda popote. Nyuma yangu cheni mpya ilikuwa imejilaza kwenye lami, inameta grisi. Makanga akachungulia mlangoni mwa matatu: "Mzee, umeangusha mshipi wa suruali!" Abiria wote wakageuka, na mama wa mahindi choma akaacha kupepea jiko asije akapitwa.

Kilichochomoka ni klipu, na klipu ni ajabu. Kipande cha chuma kisichofika kidole gumba ndicho kinachofunga kiungo cha kuunganisha ncha mbili za cheni. Kina kichwa kilichozibwa na mkia uliopasuka. Kichwa lazima kitangulie kule cheni inakokwenda, ili changarawe ikikigonga ikikaze badala ya kukifyatua. Ila cheni juu huenda mbele na chini hurudi nyuma, kwa hiyo siku ya kuifunga watoto wa ploti yetu ya Umoja walibishana hadi giza likaingia. Yangu ilitazama sawasawa. Mashahidi ninao.

Na hiyo namba 428 ya cheni! Ile 4 ni sehemu za nane za inchi: pini hadi pini, nusu inchi, yaani milimita 12.7. Watu husema cheni imevutika. Wapi! Pini na bushi ndizo zinazolika, unywele kwa kila kiungo, na viungo vinapita mia. Cheni ikirefuka hupanda meno ya sproketi na kuyachonga yawe kulabu, kisha kulabu hizo zinaitafuna cheni mpya. Ndiyo maana cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja. Wenye Harley-Davidson wengi wana mkanda wenye meno, usiotaka grisi wala klipu, lakini kuubadilisha ni mpaka ung'oe nusu ya pikipiki.



Nikarudi kwa muuza spea aliyeniuzia cheni hiyo. Risiti yake inasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Alitaka aione klipu mbovu kwanza. Iko Jogoo Road, chini ya magari. Klipu kama hizo ndizo zinazobeba watoto watatu watatu kwenye boda kila asubuhi wakienda shule, nikamwambia hivyo. Akasema pole, boss, akaniuzia nyingine kutoka boksi lile lile.