Mgeni Anayekwenda Fizi, Mashariki mwa Kongo, Kutazama Vipepeo Azingatie Haya

Wakati. Njoo mwishoni mwa mvua, mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado mbichi na barabara ya Uvira hadi Baraka imeanza kupitika. Ukimwona kipepeo wa rangi ya chungwa, na kiangazi kikishika ukamwona wa samawati, usitangaze aina mbili. Kipepeo mmoja, Precis octavia, hubadili mavazi kwa msimu.

Karatasi. Hifadhi ya Itombwe, ambayo sehemu yake imo Fizi, iliundwa 2006. Mipaka ikaja kuwekwa 2016. Kwa miaka kumi mtu aliweza kuwa ndani na nje ya hifadhi bila kuinua mguu. Leo mipaka ipo. Chukua barua ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, halafu ukamsalimu mkuu wa kijiji, maana barua haijui njia ipi imefungwa tangu jana usiku.

Maua. Yaache. Madume hujazana kwenye matope ya kijito, hasa palipokojolewa, wakinyonya chumvi. Charaxes, mabwana wakubwa wa msituni, hupenda mavi na matunda yaliyooza. Tega ndizi zilizochacha, ukae upande upepo unakotoka.

Sare. Danaus chrysippus ana sumu, na ndege aliyemwonja mara moja harudii. Jike la Hypolimnas misippus halina sumu yoyote, ila limevaa vilevile, na ndege hupita mbali. Wewe pia utadanganyika. Wenyeji ni vigumu kuwapata kwa mtego huo: wamepita bariera nyingi, wanajua si kila mwenye sare ni askari.

Kuchutama. Hapa ndipo wageni wengi huponzwa. Fizi ina dhahabu. Mji wa Misisi umekua kwa dhahabu. Mtu aliyeinama kijitoni na lenzi na daftari, akikodolea matope macho, anajulikana anatafuta nini, na akisema "vipepeo" huonekana mwongo asiye na kipaji. Usibishane. Mkaribishe anayekuuliza, achutame naye atazame. Akiisha kuwaona, atacheka, atakuonea huruma, kisha atauliza kwa upole ni nani anayekulipa kwa kazi hii. Fikiri vizuri kabla ya kujibu. Ukisema hulipwi na mtu, hapo ndipo atakapoanza kukushuku kwelikweli.