Mkosaji ni Mtandao

Huku kwetu Dar es Salaam kompyuta ikigoma kufungua faili, mkosaji anajulikana kabla hata ya kesi kusikilizwa: mtandao. Benki ni mtandao, hospitali ni mtandao, stesheneri ni mtandao. Mhudumu hana haja hata ya kutazama kioo. Anakunja mikono, anatamka "mtandao unasumbua," na foleni nzima inatikisa kichwa kwa huzuni.

Nimekaa kwenye foleni hizo vya kutosha, na hukumu yangu ni kwamba mtandao unasingiziwa. Mara nyingi kompyuta imeshaeleza tatizo lake palepale kwenye kioo, ila hakuna aliyesoma. Au amesoma mtu kama shemeji yangu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Shemeji ni mwalimu mstaafu, mtu wa kufuata maelekezo mpaka nukta ya mwisho. Binti yake anayeishi ng'ambo alimwalika akamtembelee, ikabidi ajaze fomu ya viza. Fomu yenyewe ni PDF. Alianza kuifungua kwa simu, ikakataa. Akahamia kwenye kompyuta ya kijana wake. Kivinjari kikamletea ukurasa mweupe wenye mistari michache ya Kiingereza, wa kwanza ukimwomba asubiri. Shemeji akasubiri. Nilipopita kumsalimia nilimkuta ameketi wima, miwani puani, chai ya maziwa imepoa hadi imefanya utando.

"Vipi, shemeji?"

"Wamesema nisubiri."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri."

Nje walikuwa wanaadhini magharibi.

Chini ya ombi lile la subira palikuwa na maelezo kwamba ujumbe huo usipobadilika, huenda programu unayotumia haina uwezo wa kuonyesha waraka wa aina hiyo. Shemeji alikuwa ameyasoma yote. Hoja yake ilikuwa kwamba hawakutaja muda, na yeye hakutaka kuonekana ana haraka mbele ya ubalozi. Tatizo ni kwamba ujumbe ule haubadiliki, hata ukae hadi Krismasi. Fomu za namna hiyo zimetengenezwa kwa mtindo uitwao XFA, ambao vivinjari vingi haviufahamu, kwa hiyo vinakuonyesha gamba la nje tu. Dawa yake ni kuipakua fomu, kuihifadhi kwenye kompyuta, kisha kuifungua kwa Adobe Reader. Tukafanya hivyo, masanduku ya kujaza majina yakajitokeza, shemeji akavua miwani akaifuta.

Adobe walipoitoa PDF mwaka 1993, shabaha ilikuwa waraka uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote. Kwa shemeji ulionekana vilevile kweli, kuanzia adhuhuri hadi magharibi.

Stesheneri ya mtaani kwetu nayo ina visa vyake. Ina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na binti mmoja mwenye moyo wa chuma. Asubuhi moja kulikuwa na kijana anayetaka kuprinti tangazo la ajira, mama anayetafuta namba ya malipo ya ada, na mimi. Kompyuta moja ilikuwa mbovu siku zote. Kwenye ile nzima, kila tovuti tuliyoijaribu ilikataa, kivinjari kikituonyesha alama ya hatari.

"Mtandao huo, anko," binti akanieleza.

"Zima uwashe," kijana akashauri. Ikazimwa, ikawashwa.

"Chomoeni huo waya muupulize," mama akasema. Waya ukachomolewa, ukapulizwa.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria mlangoni akapaza sauti: "Futeni kumbukumbu za kivinjari!" Wakati mwingine dawa hiyo inasaidia kweli, maana kivinjari huwa kinahifadhi nakala ya ukurasa na kuendelea kukuletea ileile mbovu; lakini kwa kazi hiyo kubonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja kungetosha. Binti akafuta kila kitu. Ikaondoka na nywila ya mzee mmoja aliyezoea kusoma barua pepe zake pale bila kuulizwa chochote, na ambaye hajawahi kuijua nywila hiyo tangu mpwa wake amfungulie akaunti.

Muda wote huo kioo kilikuwa kimeandika, tena kwa herufi nene, kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Aliyetuokoa ni mwanafunzi wa darasa la saba aliyekuja kununua kalamu.

"Shikamooni. Mbona kompyuta yenu inasema ni Januari 2012? Mimi nilikuwa hata sijazaliwa."

Kila tovuti salama ina cheti cha kuitambulisha, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vingine hudumu siku 90 tu. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kwa kompyuta iliyo mwaka 2012, hali ilikuwa sawa na karani kuletewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye mama yake bado hajaolewa. Ikakataa, na ilikuwa na haki. Binti akarekebisha tarehe, tovuti zote zikafunguka. Fundi alipokuja akabadilisha betri ya saa iliyochoka ndani ya boksi, ile ya duara inayoitwa CR2032: upana milimita 20, unene 3.2. Kidude hicho ndicho kilichotuweka foleni asubuhi nzima.

Kuna na PDF za bandia. Unapakua ripoti, haifunguki. Tazama ukubwa wake: ripoti ya kurasa mia ina kilobaiti nne! Ifungue kwa Notepad. PDF halisi huanza na alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi PDF. Ukikuta html hapo juu, huenda muda wako ndani ya tovuti uliisha, na ulichopakua ni ukurasa wa kuombwa nywila, umevishwa jina la ripoti. Nimemwona mhasibu akiutuma ukurasa huo kwa mkurugenzi wake. Mkurugenzi akajibu: "Nimeipitia, iko vizuri."

Na zile namba za makosa si mapambo. Inayoanza na 4, kama 404, inakutupia lawama wewe. Inayoanza na 5 inakiri kwamba shida iko kwao, kwa hiyo usihangaike na waya.

Haki itendeke, mtandao nao huwa na siku zake. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Hapo mtandao ulikuwa na hatia kamili. Mtaani kwetu, jirani mmoja akapeleka simu kwa fundi, mwingine akaamini bando limeibiwa akanunua jingine. Shemeji alisubiri, na safari hiyo ndiye pekee aliyefanya la maana.

Sasa ombi kwenu mnaopandisha fomu kwenye tovuti. Zijaribuni kwanza kwenye simu ya bei nafuu, nje ya ofisi, kwa bando la kujinunulia wenyewe. Fomu ikigoma kufunguka, andikeni kwa Kiswahili ni programu gani inahitajika, na mahali penye neno "subiri" wekeni na muda. Kuna watu wanawatii.