Wenye Meli Wamegoma Kushuka

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kampuni za meli za kitalii hazikuzaliwa pwani yetu, lakini methali hiyo wanaitekeleza kuliko sisi tulioirithi. Tofauti ni kwamba wao jembe wanalitoa usiku wa mwisho. Mpaka jioni ile unaitwa bwana mkubwa, unavutiwa kiti, unaulizwa kama supu imekaa sawa. Ukirudi chumbani baada ya chakula unakuta kitandani karatasi ya maagizo, lebo za mabegi zenye namba, na orodha ya deni lako. Kesho saa mbili asubuhi uwe umetoka, maana saa sita mchana kuna mabwana wakubwa wengine wanapanda.

Mtu mzima hana neno. Alipanda akijua ni mgeni, na mgeni huwa na masikio. Mtoto hapandi meli kama mgeni. Anapanda kama mwenye nyumba. Kabla hata hatujang'oa nanga, kifungua mimba wangu, binti wa miaka sita, alikuwa ameshajua lifti ipi inachelewa na mpishi gani anatoa aiskrimu bila kuuliza maswali. Zoezi la dharura, ambalo lina mizizi yake katika mkataba wa 1914 uliotiwa saini baada ya Titanic kuzama, yeye alilichukulia kama mkutano wa kumtambulisha kwa wafanyakazi wake. Akisema "nyumbani" alimaanisha sitaha ya nane. Mdogo wake wa miaka mitatu, kitinda mimba wetu, alikuwa akiwakaribisha abiria kwenye ngazi. Sasa nenda ukamwambie mwenye nyumba kwamba kesho anahama.

Tulipandia Galveston, Texas, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Houston tunakoishi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kuona wajukuu, tukaona aibu kumfungia ndani akitazama barabara kuu. Safari ilikuwa ya Mexico: Cozumel, Progreso, kisha kurudi. Yeye alitaka Miami, mji anaousikia kwenye televisheni. Nikamweleza kwamba kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozikataza meli za bendera ya kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, na meli hizi nyingi zimesajiliwa Bahamas au Panama.

"Kwa hiyo tunapelekwa Mexico kuikwepa sheria?"

"Kuitimiza, mama."

"Ni yale yale, mwanangu."

Siku ya mwisho yote ni maji. Meli inakata Ghuba ya Mexico kurudi kaskazini, hakuna bandari ya kushukia, na maelfu ya watu wanakumbuka kwa mkupuo mmoja kwamba bwawa la kuogelea hawajalifaidi. Bwawa lenyewe lina sheria kali. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na mamlaka ya afya ya nchi hiyo, na mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kutia hata kidole, hata kama nepi yenyewe imeandikwa kuwa ni ya kuogelea. Kitinda mimba wetu alikuwa ameshaacha nepi, kwa maana ya kwamba tulikuwa tumetangaza hivyo.

Mchana filimbi ikalia. Watu wote nje, bwawa linafungwa. Hakuna aliyesema sababu, na hakuna aliyeuliza. Kila mzazi alimgeukia mtoto wake kwa jicho la mpelelezi. Wetu alikuwa amelala kifuani kwangu, mkavu, nikajisikia baba wa mfano. Nilianza hata kuwatazama wenzangu kwa huruma ya mtu asiyehusika. Mama mkwe hakuridhika na ushahidi wa macho. Alimnyanyua mjukuu mbele ya umati, akavuta ukingo wa kaptula, akainusa, akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Siye!" Hakuna aliyekijua Kiswahili pale, lakini walielewa wote, na baba mmoja mwenye kofia ya mkonge akaondoka polepole na mwanawe kwapani.

Jioni nikalisoma deni. Melini pesa taslimu haitembei. Kila abiria ana kadi inayofungua mlango na kulipia vitu, na kadi zote nyuma yake zina benki ya baba. Chakula bure, chai bure, soda unalipa. Bahashishi ya wafanyakazi inakatwa kwa kila kichwa kila siku, hata kichwa ambacho hakijafika kimo cha meza. Hayo nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni kwamba mama mkwe, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa akishinda kwenye ukumbi wa magemu akiendesha magari ya mashindano, na kwamba ndiye abiria aliyekunywa barafu za rangi kuliko wote waliopata kutoka Tanga.

Tukaenda naye mapokezi. Karani, kijana mwenye adabu zake, akageuza kioo cha kompyuta tuone wenyewe: kadi ya mama, mashine ya mbio za magari, saa nne usiku.

"Mimi?" mama mkwe akauliza, akijishika goti. "Na mguu huu?"

Kifungua mimba alikuwa amesimama nyuma ya kanga ya bibi yake, kimya cha mtu mwenye wakili. Ikaja kujulikana kwamba bibi alimpa kadi siku ya kwanza "amfungulie mlango," na mjukuu akagundua kwamba inafungua na mengine. Bibi, badala ya kugomba, akamgeukia kwa hamu na kumuuliza kama alishinda. Alikuwa ameshinda. Nikalipa.

Sasa mabegi. Maagizo yanasema yawe nje ya mlango kabla ya saa tano usiku. Wafanyakazi wanayakusanya, yanashushwa tumboni mwa meli, nawe unayakuta asubuhi kwenye ukumbi wa gati yamepangwa kwa namba. Mke wangu ni mtu wa mpango. Alipakia kila kitu, akaacha juu ya kiti rundo la nguo za asubuhi: suruali yangu, shati, viatu, magauni, soksi. Tulipokuwa mapokezi tukijadili magemu, yeye alikuwa bafuni akimwogesha mdogo. Tuliporudi, kifungua mimba, akitafuta msamaha kwa vitendo, aliona rundo limesahauliwa. Akalipakia. Alilikunja vizuri kabisa, kwa namna wanavyofundishwa shuleni, akafunga zipu, na mabegi yakaondoka.

Saa kumi na moja alfajiri tukagundua. Mke wangu alikuwa salama: alilala na dera, vazi ambalo ni la kulalia, la sokoni au la harusini kutegemea mtandio. Mama mkwe alikuwa salama zaidi, kwa sababu alikataa katakata kutoa begi lake. "Begi langu halilali na watu nisiowajua," alisema usiku ule, na sisi wasomi tulicheka. Akalifungua sasa kwa utaratibu wa mwenye duka, akatoa kanga. Kifungua mimba akavaa vazi la kuogelea lililokuwa bado bichi, na kanga juu yake imefungwa shingoni. Mdogo wake alikuwa na pijama, na maboya ya mikono ambayo hakukubali kuyavua. Mimi nilibakiwa na fulana ya kulalia yenye picha ya kasa, na suti nyeusi ya usiku wa chakula rasmi iliyokuwa inaning'inia kabatini. Na ndala.

Dirishani taa za meli za mafuta zilikuwa zimetapakaa baharini zikisubiri zamu ya kuingia. Tulipolikaribia lango la Galveston, simu za meli nzima zikashika mtandao kwa pamoja. Kila ukumbi ukajaa milio, na unaona watu waliokuwa wakicheza dansi jana wakisoma ujumbe wa bosi kwa nyuso za kazini.

Mama mkwe alikuwa na kazi yake. Begi lile halikuwa na kanga peke yake. Tangu siku ya kwanza alikuwa akitoka kwenye bufee na akiba: ndizi, matofaa, mikate, mayai yaliyochemshwa, vyote vimefungwa kwenye leso kwa ustadi. Nikamweleza kwamba forodha ya Marekani haina masihara na matunda wala nyama, na faini yake inaweza kufika mamia ya dola. Akanitazama kwa muda.

"Haya, kaeni chini."

"Mama, tumechelewa."

"Chakula hakitupwi."

Tukala. Familia nzima, saa moja asubuhi, tumekaa sakafuni kwenye korido kati ya mlango wetu na wa jirani, tukimenya mayai. Abiria walipita juu ya miguu yetu na mabegi ya magurudumu. Kifungua mimba aliwaambia wote waende salama, kwa upole wa mtu anayebaki.

Mhudumu wa chumba akaja na toroli lake la mashuka. Alikuwa kijana wa Indonesia, na kila jioni alikuwa akikunja taulo kuwa mnyama na kumweka kitandani. Wa usiku wa mwisho alikuwa tembo, na tembo alikuwa mikononi mwa kitinda mimba. Taulo ni mali ya meli. Kijana akapiga goti, akaeleza kwa sauti ya daktari kwamba tembo anakwenda kuoga. Akamchukua kwa mikono miwili, akavuta sikio moja taratibu, na mkonga ukafunguka, kichwa kikalala, miguu ikaachana, ikabaki taulo. Mtoto alitazama yote hayo bila kupepesa. Kisha akaangua kilio.

Nadhani walimsikia Progreso. Kijana wa watu alichanganyikiwa, maana alikuwa na vyumba vingi vya kutandika kabla ya mchana. Mama mkwe akavua kanga ya begani akampa. Akaelewa papo hapo. Akaikunja kitako, akaviringisha miguu, akapinda mkonga, akamrudishia mtoto tembo mpya mwenye maua na mwenye methali ubavuni. Kanga ni nyepesi, kwa hiyo tembo huyu hakuweza kusimama. Alilala ubavu kama mtu aliyetoka bufee. Lakini kilio kilikatika, na kitinda mimba akakubali kuondoka kwa sharti kwamba tembo naye amepata kifungua kinywa.

Ukumbini namba zilikuwa zinaitwa. Yetu ilikuwa mbali. Nikasimama kando ya ngazi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mweusi mwenye suti nyeusi, saa mbili asubuhi, katikati ya watu wenye kaptula, huhesabiwa ni mfanyakazi. Ndala hakuna aliyezitazama. Mzee mmoja akaniuliza namba 14 wanashukia wapi. Nikaanza kumweleza kwamba mimi pia ni abiria, akasubiri kwa subira nimalize, akaniuliza tena. Nikamwonyesha ngazi. Nyuma yake palikuwa na mama mwenye mkongojo, nyuma ya mama palikuwa na harusi nzima, na nilipotanabahi nilikuwa na foleni. Mama wa mkongojo akanitia dola tano kiganjani. Nikataka kumrudishia.

"Pokea, baba," mama mkwe akaninong'oneza. "Tunadaiwa."

Uhamiaji tukapita. Mabegi tukayapata, suruali yangu ikiwa ndani yake imekunjwa safi. Afisa wa forodha akaniuliza kama tuna matunda, nikamwambia hapana, kwa tumbo zito na dhamiri nyepesi. Pembeni yake alikuwapo mbwa mdogo wa masikio marefu, wa aina ambayo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuitumia kazi hii mwaka 1984. Mbwa hao hawabweki wala hawang'ati. Wakinusa tunda wanakaa kitako tu, basi. Huyu akampita mama mkwe, akalipita begi lake kubwa, akafika kwa kitinda mimba, akamnusa tembo, akakaa.

Afisa akainama. Mtoto akamkabidhi tembo kwa heshima zote, akiamini kwamba hapa ndipo anapogongewa muhuri. Yule bwana akavuta kwa ncha ya kidole, na kwa mara ya pili asubuhi ile tembo akafunguka mbele ya mwenyewe. Ndani ya mkonga palikuwa na kipande cha tofaa kilichotafunwa upande mmoja.

"Nani amekifunga hiki?" akauliza, akinitazama mimi na suti yangu.

"Anakula," kitinda mimba akajibu kwa Kiswahili, na kuangua kilio tena.

Afisa alikitupa kipande kwenye pipa, akampa mbwa zawadi yake, akaitazama kanga, akamtazama mtoto, akatuambia twende. Faini hakutaja. Mama mkwe hakufurahi: alikuwa amekula mayai matatu baridi ili kisitupwe kitu, na sasa kimetupwa.

Tukaingia garini. Barabara ya Houston ilikuwa imejaa, na viti vilikuwa vinayumba, au ni sisi tuliokuwa tunayumba. Miguu huchukua muda kuamini kwamba iko nchi kavu. Kifungua mimba alitulia mpaka tukavuka daraja la kutoka kisiwa cha Galveston. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza ratiba, tunarudi nyumbani saa ngapi, maana alimwahidi mpishi wa aiskrimu kwamba hatakawia.

Mimi na mke wangu tukatazamana. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, amempakata mdogo, akihangaika kupinda mkonga ambao haukutaka kupindika.

"Mwulizeni baba yenu," akasema bila kuinua kichwa. "Si mnaona amevaa kama mwenye meli?"