Jinsi ya Kufika Vwawa na Canter ya Mkononi Bila Kuaibika

Hongera, mwenye gari. Umenunua Canter ya tani 3, injini 4D33, bodi limepigwa rangi ya bluu juzi tu, na sasa inatakiwa itoke Dar es Salaam ifike Vwawa. Hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800, na mbele yake kuna Mbalizi na vilima vya Songwe. Mafundi watakwambia ushushe injini, ubadilishe matairi yote sita, ufungue giaboksi. Wasikilize kwa adabu, waagizie soda, kisha sogea huku tunong'one. Gari la mkononi halitengenezeki lote kwa siku mbili, na hela iliyobaki ni ya dizeli. Ukitaka kumaliza kila kitu, hela itaishia kwenye taa na makava ya viti, breki utaziacha vilevile. Kwa hiyo tengeneza yanayolisimamisha gari, yanayolishika barabarani na yanayolipoza. Mengine funga waya, nenda.

1. Usiku wa kwanza, tandika maboksi. Muuzaji aliosha injini kabla hujaiona. Wote hufanya hivyo, na siku utakayouza wewe utafanya hivyohivyo, basi tusimseme. Chana katoni, zitandike kuanzia chini ya rejeta hadi chini ya difu, na kila gurudumu lipate kipande chake. Asubuhi zisome. Matone meusi ya oili chini ya injini? Nunua lita mbili za ziada, safari ipo. Majimaji ya kijani au mekundu chini ya rejeta? Hapo tengeneza, hata kama ni mpira mmoja tu. Unyevu upande wa ndani wa tairi, unaoteleza na hauna harufu ya dizeli? Mara nyingi hayo ni mafuta ya breki, silinda ya gurudumu hilo imechoka. Kisha washa gari, kanyaga breki na ushikilie kwa dakika nzima. Pedali ikizama taratibu kuelekea sakafuni, masta silinda inavuja kwa ndani, na hiyo boksi halitakuonyesha. Kwenye breki sina njia ya mkato ya kukupa.

2. Liharibikie Dar. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Azima mifuko ya saruji, pakia, panda vilima vya Pugu, rudi. Kesho yake nenda Kibaha na kurudi, na usilibembeleze. Kilichokuwa kinangoja kufa kitakufa hapohapo, mwendo wa bodaboda kutoka maduka ya spea ya Gerezani. Kitu hichohicho kikifa katikati ya pori utalipa spea, utalipa nauli ya spea kwenye basi, utamlipa wa kulinda gari, na bado utalala kwenye siti.

Ukiwa Gerezani nunua vitu vitatu. Feni belti mpya: ifunge leo, na ile kuukuu itupie nyuma ya siti. Imeshazunguka kwenye injini hii, kwa hiyo saizi yake huna haja ya kuulizia kwa mtu usiku. Filta ya dizeli ya akiba: chini ya tangi kuna uchafu wa miaka, na mitikisiko ya njia ndefu itauamsha. Kushusha tangi na kuliosha ni kazi ya siku nzima. Liache. Ila mwambie fundi akufundishe leo, wewe mwenyewe mikono ikiwa na grisi, jinsi ya kubadilisha filta na kutoa hewa kwa pampu ya mkono: legeza skrubu, pampu mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kaza. Cha tatu ni kifuniko cha rejeta. Springi yake ikichoka haishiki presha, na bila presha maji yanachemka mapema. Huko Iringa juu, mwinuko unayachemsha mapema zaidi. Kuna watu wamefungua silinda hedi kwa kosa la kifuniko tu.

Fundi akitaka kung'oa themostati ili gari lisichemke, mkatalie. Utapanda Kitonga vizuri, lakini kwenye ukungu wa Mufindi injini haitapata joto lake na itakunywa dizeli yako njia nzima.

3. Matairi, usihesabu kashata pekee. Tairi linaweza kuwa na kashata zote na bado likawa zee, limekauka, limepakwa kiwi likang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Tafuta ubavuni herufi DOT, zifuate hadi tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hesabu mwenyewe. Halafu pinda ubavu kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ndogondogo.

Sasa njia ya mkato: usinunue sita, nunua mawili mazuri, yafunge mbele, mradi saizi za mbele na nyuma ni moja. La nyuma likipasuka lina mwenzake wa kulibeba. La mbele likipasuka usukani unaondoka nalo. Yale ya ndani nyuma usiyaangalie kwa macho, yagonge kwa spana ya magurudumu. Lenye upepo linadunda, lisilo na upepo linatoa sauti ya gunia.

Na kabla hujamkabidhi kijana wa pancha bomba refu la kufungulia nati, chungulia ncha za bolti. Canter nyingi za zamani zina herufi L kwenye magurudumu ya kushoto. Hizo zinafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume cha nyingine zote. Asiyejua ataongeza nguvu, ataita mwenzake, watalining'inia bomba wote wawili, na bolti itakatika. Wewe simama pembeni, mikono mfukoni, sema kwa upole, "Kushoto hapo ni kinyume, mdogo wangu." Kuanzia hapo utaitwa bosi, na bei itashuka.

4. Redio isubiri. Najua unaitaka. Lakini redio nyingi za zamani za Japani huishia masafa ya 90, stesheni za juu yake hutazipata hata ufunge antena ndefu namna gani. Ukinunua nyingine, fundi redio mwenye haraka atachota volti 12 kutoka betri moja, ilhali gari hili ni la volti 24 na betri zake mbili zinafanya kazi kama pacha. Moja itanyonywa, nyingine itajazwa kupita kiasi, na asubuhi ya pili, baridi ya Mafinga ikiwa imekaza, gari halitawaka. Beba spika yenye chaji yake, iweke kwenye dashibodi, ongeza sauti. Anayekusikia akiwa barabarani hajui imechomekwa wapi.

5. Makaratasi yawe kwenye bahasha moja: kadi halisi, mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, bima, leseni ya LATRA. Deni la faini hufuata namba ya gari, kwa hiyo liangalie kwenye mfumo wa polisi kabla hujamlipa muuzaji shilingi ya mwisho. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu viwe mahali pa kufikiwa haraka. Kwenye vibao vya 50, nenda 50. Trafiki wenye tochi wana subira kuliko wewe.

6. Ndugu watakuletea mizigo. Shangazi ana friji, binamu ana mifuko ya saruji, jirani ana "kaboksi kadogo" kanakobebwa na watu wanne. Usikatae, utaonekana umeanza kuringa. Sema gari limejaa, na lijaze kweli: magodoro. Magodoro hufika hadi juu ya bodi, yanakulipa dizeli, yanaonekana ni mzigo wa maana, na springi hazijui kama kuna kitu. Mizani ingia hata hivyo. Gari lenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupimwa, na kukwepa Vigwaza ni ujanja wa mtu asiyejua kuwa mbele kuna Mikese.

7. Toka saa kumi na moja alfajiri, ulale Iringa au Mafinga. Usiku uwaachie wenye mabasi. Chalinze, baada ya kilomita kama 100, ndipo mahali pa kujidai kwanza: shuka, kaza nati zote upya, kisha zunguka ukigusa habu za magurudumu kwa mgongo wa mkono. Zote zikiwa na joto moja, nenda ukanywe chai. Moja ikikuunguza, breki imeshika au beringi inakufa, na Morogoro kuna mafundi. Watu watadhani unasalimiana na gari. Waache. Mikumi pita mchana, polepole. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, na ukigonga mnyama faini yake inaweza kula faida ya miezi.

Ruaha Mbuyuni pumzika. Nunua vitunguu, kapu moja la nyumbani na moja la mkwe, acha injini ipoe, ongeza maji kama yamepungua, maana sasa inakuja Kitonga. Ingia kilimani na gia ndogo tangu chini, usingoje gari lilie ndipo upunguze. Mshale wa joto ukianza kupanda, fungua hita ya kabini hadi mwisho na shusha vioo vyote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ya pili na haina gharama. Mshale ukiendelea kupanda, egesha pembeni, acha injini ingurume taratibu kidogo kabla ya kuizima, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe kabisa.

Utaweka jiwe nyuma ya gurudumu, ni sawa. Ila ukiondoka, liondoe jiwe hilo barabarani kwa mikono yako mwenyewe. Liondoe wewe, usimwachie utingo, na usiseme utalikumbuka. Mawe yaliyoachwa na malori yanawaua watu wa bodaboda usiku, vijana wa vijijini wanaorudi kwao na taa mbovu. Matawi uliyoweka kuonya wengine nayo yaondoe. Dakika mbili tu.

8. Kuharibikiwa nako kuna heshima yake. Sauti mpya ikianza, usijidanganye kwamba itajikimbilia yenyewe, wala usisimame papo hapo porini kama gari linakwenda bado na breki zinashika. Punguza mwendo, lisogeze hadi Ipogolo, Mafinga, Makambako au Uyole. Hapo kuna mafundi wa malori, chakula, na mahali pa kulala. Ukilazimika kusimama njiani, inua kichwa cha gari hata kama tatizo hulijui. Gari lililoinuliwa kichwa linaonekana linatengenezwa. Lililofungwa linaonekana limekufa, na dereva wa Canter mwenzako atalipita. Toa kwanza vilivyo kwenye dashibodi, na ukikirudisha kichwa hakikisha komeo limeshika. Usimpigie simu baba mkwe. Mpigie baadaye, ukishaondoka, umwambie ulisimama kula.

9. Ukitoka Mbeya mjini kuna mteremko wa Iwambi hadi Mbalizi, na hapa nacheka kidogo tu. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Breki ya eksozi uwe umeijaribu tangu Dar, maana kipepeo chake hushikwa na masizi. Kuna madereva watakaokwambia uweke gia huru uokoe dizeli, na wengine huzima kabisa injini. Pampu inayoipa breki nguvu inazungushwa na altaneta, na altaneta inazungushwa na injini. Ukizima injini unabaki na mguu wako tu, na tani kadhaa nyuma yako. Mteremko huu umeua watu waliokuwa wamekaa zao kwenye daladala wakienda sokoni. Shuka polepole, wakupigie honi wanavyotaka.

10. Mlowo, osha gari. Bodi, kioo, matairi; injini usiipige maji ya presha, nyaya zake zina umri wa kukuzidi. Badilisha shati. Panga uingie Vwawa saa kumi jioni, watu wakiwa barazani na watoto wametoka shule, honi mara moja tu, fupi. Watakuuliza bei: sema "Mungu amesaidia." Watakuuliza kama lilisumbua njiani: sema limekuja vizuri, kwa sababu lipo hapo limesimama. Mtu akikuomba umbebee tripu moja ya mchanga kesho asubuhi, mwambie gari linapumzika.

Na liache lipumzike kweli. Jumatatu lipeleke kwa fundi ukiwa na orodha ya kila mlio uliousikia, na mahali ulipousikia: kwenye kona, kwenye gia ya tatu, au ulipokanyaga breki. Anzeni na lile tangi.