Namna ya Kuwa Mwanadiplomasia wa Uchumi Bila Kulipoteza Gunia la Mahindi

Suti isubiri kwanza. Vijana wengi wanaoitamani kazi hii huanza na suti, ikafuata tai, ikafuata picha ya pasi ya kidiplomasia mtandaoni, na mahindi huja mwisho kabisa au hayaji. Wewe geuza utaratibu. Panda basi kutoka Arusha, shuka Namanga, na ukae pale mpakani tangu asubuhi mpaka malori yawashe taa. Tanzania na Kenya zimejenga pale kituo cha huduma kwa pamoja, ili mzigo ukaguliwe mara moja tu, upande unakoingia. Angalia kwa macho yako kama ndivyo inavyokuwa. Mtafute mama anayevusha mahindi au vitunguu, mpe shikamoo yake kama ulivyofunzwa nyumbani, kisha muulize: "Mama, mzigo huu umekwama tangu lini, na karatasi gani imekosekana?" Akikujibu, "Mwanangu, karatasi zote ninazo, ila hii wanayoitaka leo, jana haikuwepo," toa daftari uandike. Hapo umeanza kazi.

Chuo usikikwepe. Pale Kurasini, Dar es Salaam, kipo Chuo cha Diplomasia, na kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekwenda Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Kijana wa umri huo leo huona uchungu akitumwa kutoa nakala za nyaraka. Azitoe, na azisome wakati mashine inafanya kazi yake. Maofisa wengi wazuri wamejifunza mkataba mzima wakiwa wamesimama kando ya mashine ile, kwa sababu bosi hana muda wa kuusoma na mtu pekee anayejua kilichomo katika kiambatisho cha tatu ni yule aliyekibana pini.

Kisha ijue bidhaa kabla hujaijua itifaki. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili wa bidhaa, na vipimo vionyeshe sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwanadiplomasia wa suti, jambo kama hili likimkuta, hutoa hotuba juu ya udugu wa majirani. Wa magunia anajua kwamba viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na kwamba ukungu unaozaa sumu ile hushamiri mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu na kuwekwa ghalani hayajakauka. Anajua turubai linauzwaje sokoni Kibaigwa. Kwa hiyo akiketi mezani haombi huruma. Anauliza nani atapima, maabara gani itaaminiwa na pande zote mbili, majibu yatatoka baada ya saa ngapi, na gharama ataibeba nani. Maswali hayo manne hayampigishi mtu makofi ukumbini, lakini yakipata majibu yaliyoandikwa na kusainiwa, lori linaondoka.

Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na uhusiano ukachangamka. Marais wana kazi yao na waliifanya. Waraka wa kutekeleza waliyokubaliana, hata hivyo, huandikwa na ofisa wa ngazi ya chini siku ambayo waandishi wa habari wameshaondoka. Ofisa huyo ndiye wewe. Usipouandika, hakuna atakayeuandika.

Na ukisikia kwamba upande wako unataka kuchukua hatua kali mpakani, nyanyua simu kabla mwenzako hajawasha kiberiti. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Hofu ya mafua ya ndege ilikuwa na msingi wake, na sheria ya magonjwa ya mifugo ilikuwepo. Lakini walioziona picha zile hawakuikumbuka sheria, waliukumbuka moshi, na ofisa wa Tanzania aliyekwenda kwenye kikao chochote cha Arusha baada ya hapo alilazimika kuanza na vifaranga kabla ya kufika kwenye ajenda.

Sasa unaweza kuingia ukumbini. Utakachokikuta ni rasimu iliyojaa mabano ya mraba. Kilichomo ndani ya mabano bado hakijakubaliwa. Itazame sentensi ya namna hii: "Nchi Wanachama [zitaondoa] [zitajitahidi kuondoa] vikwazo visivyo vya kiforodha [kabla ya mwisho wa mwaka] [kadiri uwezo utakavyoruhusu]." Ukikubali chaguo la pili na la nne, umerudi nyumbani na karatasi ambayo yule mama hawezi kumwonyesha askari yeyote. Mabano hayo hayafutwi saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshiba. Hufutwa saa tisa usiku, wajumbe wamelegea, mkalimani anaomba maji, na mtu mmoja mwenye akili timamu anasema, "Tuandike hivi tumalize." Mtu huyo lazima awe wewe. Kwa hiyo lala mchana bila aibu, beba korosho mfukoni, na usiende kwenye tafrija ya balozi usiku wa kuamkia siku ya mwisho, hata wakipika pilau.

Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi Desemba 2015, wa kwanza wa aina yake kufanyika Afrika, ulipangwa kwisha tarehe 18 na ukaisha tarehe 19. Mwenyekiti alikuwa Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje wa Kenya. Uliokolewa na saa zile za ziada. Ndipo ilipokubaliwa kwamba nchi tajiri ziondoe mara moja ruzuku za kusafirisha mazao nje, isipokuwa kwa bidhaa chache, na nchi zinazoendelea zifuate, nyingi zikipewa mpaka mwisho wa 2018. Ruzuku hizo zilimwezesha mkulima wa mbali kuuza kwa bei ambayo mkulima wa kwetu hawezi kuigusa. Amina hakuibukia ukumbini siku ile. Miaka kumi kabla yake, 2005, alikuwa ameongoza Baraza Kuu la shirika hilohilo Geneva, na waliokuwa wakibishana mbele yake aliwajua mpaka hasira zao.

Ukipewa uenyekiti, jiandae kulaumiwa na pande zote. Mwaka 1999 Balozi Ali Mchumo wa Tanzania aliongoza Baraza Kuu hilo wakati nchi zaidi ya 130 zilipogawanyika juu ya nani awe Mkurugenzi Mkuu: Mike Moore wa New Zealand au Supachai Panitchpakdi wa Thailand. Shirika lile huamua kwa maafikiano, na kura haipigwi hata pale ambapo ingemaliza ugomvi kwa dakika kumi. Muda wa mkuu aliyekuwepo ukaisha, kiti kikabaki kitupu kwa miezi. Mwisho wakagawana: Moore miaka mitatu kuanzia Septemba 1999, Supachai mitatu iliyofuata. Wapo waliouona mpango huo kuwa aibu. Mimi nauona ni kazi nzuri, kwa sababu hakuna nchi iliyotoka nje ya shirika na hakuna mgombea aliyefukuzwa.

Somo gumu kuliko yote ni kuijua hali ya mwenzako kabla hujamwita mkaidi, na hapa nakuomba utulie nami. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimaliza mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya Oktoba 2014. Jumuiya ilikuwa imepitiliza tarehe ya mwisho kwa wiki mbili tu, na kwa sababu ya wiki hizo mbili maua na mboga za Kenya vikatozwa ushuru Ulaya tangu tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 25 Desemba. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwa kuwa zilihesabika miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni na bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Basi fikiri kama ofisa wa Kenya: wafanyakazi wa mashamba ya waridi Naivasha wanakutazama, saini inakuuma vidole. Kisha fikiri kama ofisa wa Tanzania: unaombwa ufungue soko kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, hatua kwa hatua, nyingine zikingoja hadi miaka 25, ili upewe kitu ambacho tayari unacho. Viwanda vyako ni vichanga. Rais mstaafu Benjamin Mkapa anaupinga mkataba hadharani.

Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilisaini. Tanzania haikusaini, na Novemba Bunge lake likaishauri serikali isisaini. Nairobi walisema Dar es Salaam inawahujumu. Dar es Salaam walisema Nairobi imeuza mlango wa pamoja. Wote wawili walikuwa wakilinda watu wao, na wote wawili walikuwa na haki. Aliyekosea ni yule aliyebuni mazungumzo ya kundi moja kwa nchi zenye mahitaji mawili tofauti, na kosa hilo lingeonekana mapema kama mtu angeweka mezani jedwali la ushuru wa kila nchi kabla ya hotuba ya ufunguzi. Baadaye Kenya ilikwenda peke yake: ikasaini Nairobi Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Hilo jedwali, ndugu yangu, jifunze kulichora. Ni safu nne tu: bidhaa, ushuru wa leo, ushuru wa kesho, na nani atakosa kazi.

Ukienda Eneo Huru la Biashara la Afrika utakuta jedwali refu zaidi. Mkataba ulisainiwa Kigali Machi 2018, biashara ikazinduliwa rasmi Januari 2021, lakini kanuni za uasili za nguo na magari zilibaki mezani muda mrefu baada ya hapo. Shati lililoshonwa Afrika kwa kitambaa cha China, je, ni la Afrika? Anayejibu haraka hajawahi kuingia kiwandani.

Posho: ipokee, ni haki yako. Ila kabla ya kila safari jiulize ibara gani itakuwa imebadilika ukirudi. Ukikosa jibu, baki ofisini utume maoni kwa barua pepe, na nauli hiyo apewe mtaalamu wa mifugo ambaye hajawahi kupelekwa kokote ingawa kila mkutano unazungumzia ng'ombe wake. Picha ya pamoja isikusumbue. Ukisimama nyuma au ukikosekana kabisa, ibara uliyoiandika itabaki palepale.

Utahamishwa. Ndiyo taratibu, na huwa wakati mazungumzo yamefika patamu. Wiki ya mwisho usiimalize kwenye chakula cha kuagana. Kaa uandike faili la makabidhiano: tulikubali nini, tulikataa nini na kwa sababu gani, nani upande wa pili anatimiza ahadi na nani husema ndiyo asubuhi na siyo jioni, maabara ipi inatoa majibu kwa wakati, mabano yapi bado yamesimama. Ongeza namba ya simu ya mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mpakani, pamoja na saa anazopokea.