Rundo la CSS Lipewe Maua Yake

Wapenda usafi husema duka la mtandaoni linahitaji faili moja tu la CSS, lenye rangi, herufi na mpangilio wa kurasa zote. Waache waseme. Sisi tunalo rundo: faili la ukurasa wa mwanzo, la bidhaa, la kikapu, la malipo, la ofa ya Krismasi ya mwaka juzi, na lile liitwalo mpya-mwisho-kabisa-2.css, ambalo aliyeliandika hajulikani na wa kulifuta hajazaliwa.

Sifa ya kwanza ya rundo ni haki. Wahenga walioonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, hawakuijua CSS. Tangu Håkon Wium Lie aipendekeze mwaka 1994, mitindo ya watu wengi imeruhusiwa kukutana kwenye ukurasa mmoja, na sheria mbili zenye uzito sawa zikigongana, iliyokuja mwisho ndiyo hushinda. Ndiyo maana kitufe cha "Nunua" ni kijani kwenye bidhaa, rangi ya chungwa kwenye kikapu na kijivu kwenye malipo. Asiyetaka kungoja zamu huandika !important. Mwenzake naye huandika yake. Wakishaiandika wote, wa mwisho anashinda tena, na amani inarejea.

Sifa ya pili ni huruma. WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, peke yake huja na mafaili matatu: la mpangilio, la skrini ndogo na la mwonekano wa jumla. Ongeza ya mandhari, ya maoni ya wateja na ya dirisha la gumzo, kisha yapakie yote hata kwenye ukurasa wa "Wasiliana Nasi", usiouza kitu. Kwa kawaida kivinjari hakichori ukurasa mpaka mafaili yaliyotajwa juu yake yafike, hivyo mteja hupata muda wa kujiuliza kama kweli anavihitaji viatu vile. Tumemlia bando, lakini tumemwokolea bei ya viatu.

Sifa ya tatu ni ustahimilivu. Internet Explorer, hadi toleo la 9, ilisoma mafaili 31 tu kwa ukurasa. La 32 ilipita kama haijaliona. Rundo halikulalamika, lilisubiri. Toleo la 10 likapandisha kikomo hadi 4,095, nasi tukajua kwamba wavumilivu hula mbivu.

Basi, ndugu mwenye duka, akija kijana na kukuahidi kubakiza mafaili mawili, moja la kurasa zote na moja la malipo, huku vitufe vyote vikiwa rangi moja, mfukuze. Ni kweli kurasa zitafunguka haraka na viatu vitauzika. Lakini fundi wako wa sasa, anayelipwa kila mwezi kutafuta kijivu kinatoka faili gani, atakula wapi?